NANI ANASHIKA KISU? Kompyuta Katika Upasuaji wa Matundu Madogo

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu mwanafunzi, makala hii imetokana na swali nililoulizwa darasani. Tulikuwa katika somo la amana, mwanafunzi mmoja wa kiume akanyoosha mkono akasema: "Ustadh, nimesikia siku hizi kompyuta inapasua watu. Sasa ikimpasua mtu akafa, dhambi ni ya nani?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Maulamaa wametufundisha kuwa hukumu ya jambo hufuata baada ya kulifahamu, na mimi mtambo wenyewe nilikuwa siufahamu.

Siku zile zile kulikuwa na mzee wetu mmoja wa msikiti hapa Ipogolo aliyekuwa na mawe katika mfuko wa nyongo. Kila akila chakula cha mafuta alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia hadi akakunja mwili. Alipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, akakataa. Alisema yeye hawezi kulala usingizi wa dawa halafu akaachiwa mashine. Alikaa na maumivu yake tangu Rajabu hadi Ramadhani ikaisha. Kwa hiyo swali la mwanafunzi halikuwa la mchezo. Mtu anaweza kuikimbia tiba kwa kutoijua. Basi tujifunze kwanza, halafu tutarudi kwenye swali.

UPASUAJI WA MATUNDU MADOGO NI NINI?

Upasuaji tuliouzoea ni ule wa kufungua. Daktari hukata ngozi na nyama kwa urefu wa kutosha kuingiza mikono yake na kuona kwa macho yake. Njia hii imeokoa watu wengi na hadi leo inahitajika. Lakini mara nyingi jeraha la njiani huwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kiungo kinachotolewa ni kidogo kama kidole, na kidonda ni kirefu kama kiganja. Kidonda hicho ndicho kinachouma, ndicho kinachoweza kuingia vijidudu, na ndicho kinachomweka mgonjwa kitandani siku nyingi.

Katika upasuaji wa matundu madogo wa tumbo, ambao wataalamu huuita laparoskopi, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha hutobolewa matundu matatu au manne, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12 hivi. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi, mfano wa hema lililosimamishwa. Tundu moja huingizwa kamera nyembamba yenye taa. Matundu mengine huingizwa mikasi, koleo na vifaa vya kuunguza vyenye shingo ndefu. Daktari hatazami tumbo la mgonjwa tena, bali hutazama kioo cha televisheni kilicho mbele yake.

HISTORIA KWA UFUPI

Hamu ya kumtibu mtu kwa vifaa vinavyofaa si ngeni katika umma wetu. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mnamo mwaka 1013 hivi, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho At-Tasrif chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora picha za vifaa vipatavyo 200 na kueleza matumizi yake. Karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi. Az-Zahrawi hakuona haya kuchora mikasi na ndoana. Alijua kuwa kifaa kibovu humuumiza mgonjwa hata kama nia ya tabibu ni njema.

Katika zama zetu, Kurt Semm wa Ujerumani alitoa kidole tumbo kwa njia ya matundu mwaka 1980, na wenzake wengi walimpinga vikali. Mwaka 1985 Erich Mühe, naye wa Ujerumani, alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo. Yeye pia hakukubaliwa mara moja. Lakini miaka michache baadaye, baada ya kamera ndogo za video kuenea, njia hiyo ilisambaa duniani kote, na sasa ndiyo njia ya kawaida ya kutoa mfuko wa nyongo kila penye vifaa na wataalamu.

UGUMU WAKE: FANYA JARIBIO HILI

Msomaji anaweza kudhani kazi hii ni rahisi kwa kuwa matundu ni madogo. Kinyume chake ndiyo kweli. Ili ufahamu, fanya jaribio hili nyumbani, kwa ruhusa ya mzazi.

1. Chukua boksi tupu la sabuni au biskuti. Toboa matundu mawili madogo upande wa juu, yaachane kama sentimita 15. Upande wa nyuma uache wazi ili mwanga uingie.
2. Ndani weka punje tano za maharage na kifuniko cha soda.
3. Pitisha kijiti kirefu katika kila tundu.
4. Mwenzako ashike simu yenye kamera upande ule ulio wazi, akuonyeshe picha ya ndani. Wewe usichungulie, tazama kioo cha simu tu.
5. Jaribu kubana punje kwa vijiti viwili na kuitia ndani ya kifuniko.

Utagundua mambo manne. Kwanza, ukipeleka mkono kulia, ncha ya kijiti huenda kushoto, kwa sababu tundu limekuwa egemeo kama la pondea. Pili, kijiti hakina kiwiko wala kifundo. Kinaingia na kutoka, kinakwenda juu na chini, kulia na kushoto, na kuzunguka, basi. Huwezi kukunja ncha yake upande kama unavyokunja kiganja. Tatu, picha ya simu ni bapa, huwezi kujua punje iko karibu au mbali. Nne, mtikisiko mdogo wa mkono wako, na hata wa mwenzako aliyeshika simu, unaonekana mkubwa kwenye ncha na kwenye picha.

Haya unayoyapata kwenye boksi ndiyo anayoyapata daktari ndani ya tumbo la mtu aliye hai, karibu na mishipa ya damu, pengine kwa saa mbili au tatu akiwa amesimama. Ndiyo maana madaktari wanaojifunza fani hii huanza na maboksi kama hilo kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa.

KOMPYUTA INAINGIA WAPI?

Kompyuta ililetwa ili kupunguza matatizo yale manne. Mwaka 1985 huko Marekani mkono wa mashine wa kiwandani uitwao PUMA ulitumika kuelekeza sindano katika ubongo wa mgonjwa ili kuchukua sampuli ya uchunguzi. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha mtambo uitwao da Vinci kwa upasuaji wa tumbo, na tangu hapo mitambo ya namna hii imekuwa ikitumika katika nchi nyingi.

Watu huiita roboti, na jina hilo ndilo linalowatisha. Mtambo wa aina hiyo una sehemu tatu. Ya kwanza ni meza ya daktari. Anakaa, anaweka uso kwenye kitazamio, anaingiza vidole katika vishikio viwili, na miguu anaiweka kwenye pedeli. Ya pili ni mikono ya mashine iliyo juu ya mgonjwa, inayoshika kamera na vifaa. Ya tatu ni kabati la picha na kompyuta. Kati ya vidole vya daktari na ncha ya mkasi hakuna fimbo wala waya wa kuvuta. Vidole vinaposogea, vihisio hupima vimesogea kiasi gani, kompyuta hukokotoa, kisha mota ndogo husogeza kifaa ndani ya tumbo. Hesabu hiyo hurudiwa mara nyingi mno katika kila sekunde, hata daktari huona kama mkono wake mwenyewe umeingia ndani.

Sasa tutazame yale matatizo yetu manne.

Kwanza, suala la kulia na kushoto. Kompyuta hugeuza hesabu, hivyo mkono ukienda kulia na kifaa huenda kulia. Pia huhakikisha mkono wa mashine unazunguka pale pale kwenye tundu bila kulichana.

Pili, kifundo. Ncha ya kifaa imewekewa kiungo kinachokunjika kama kifundo cha mkono. Kifaa cha kawaida kina mienendo 4, ukiacha kufumba na kufumbua. Hiki huongeza 2 ya kukunja, na ukijumlisha kufumba na kufumbua unapata 7.

Tatu, picha. Kamera ina macho mawili, na kila jicho la daktari huonyeshwa picha yake. Kwa hiyo daktari huona kina, kama tunavyoona sisi kwa macho mawili tuliyojaaliwa na Mola wetu. Picha hiyo pia hukuzwa hadi mara 10 hivi, na kamera huongozwa na daktari mwenyewe.

Nne, mtikisiko. Mkono wa kila mwanadamu hutetemeka kidogo, mara 8 hadi 12 hivi kwa sekunde. Kompyuta huutambua mwendo huo mdogo wa haraka na kuuchuja, ikipitisha ule wa taratibu uliokusudiwa. Zaidi ya hapo inaweza kupunguza mwendo. Daktari akisogeza mkono sentimita 3, kifaa kikasogea sentimita 1 tu.

Lakini kila neema ina shukrani yake na kila kifaa kina upungufu wake. Kwa miaka mingi mitambo hii haikumpa daktari hisia ya mguso. Anavuta uzi bila kuhisi umekaza kiasi gani, analazimika kukisia kwa macho namna nyama inavyovutika. Toleo la da Vinci lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 ndilo lilianza kumrudishia daktari sehemu ya hisia hiyo. Ewe mwanafunzi, zingatia hapa. Wahandisi wamehangaika miaka zaidi ya 20 kurudisha kidogo ya kile ambacho ncha ya kidole chako inakifanya bila wewe kufikiri.

JE, MASHINE INAAMUA YENYEWE?

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Katika mitambo ya aina hii, mashine haianzi kukata kwa kupenda kwake. Kila mwendo wa mkasi unatokana na mwendo wa vidole vya mtu. Daktari akiinua uso kutoka kwenye kitazamio, kihisio hutambua, na mikono ya mashine hujifunga pale pale hadi arudi. Wauguzi na daktari msaidizi husimama kando ya mgonjwa muda wote, tayari kuondoa vifaa na kufungua tumbo kwa njia ya kawaida ikibidi. Mfano wake ni lori linaloshuka mlima wa Ipogolo. Usukani wa kisasa unasaidiwa na mashine hata kijana mwembamba anageuza tairi za tani nyingi, lakini lori likigonga hatuulizi usukani ulikuwa na nia gani.

KUPASUA KUTOKA MBALI

Ikiwa waya ndio unaounganisha meza ya daktari na mikono ya mashine, je, waya huo unaweza kuwa mrefu kiasi gani? Tarehe 7 Septemba 2001 Profesa Jacques Marescaux na wenzake, wakiwa New York, walitoa mfuko wa nyongo wa mama mmoja aliyelala katika hospitali ya Strasbourg, Ufaransa. Walitumia mtambo uitwao ZEUS na mkongo wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ya Atlantiki. Kwenda na kurudi ishara ilisafiri kilomita zipatazo 14,000.

Hatari yake ni kuchelewa. Daktari anasogeza mkono, lakini picha ya mwendo huo anaiona baadaye. Siku ile ucheleweshaji ulikuwa wastani wa sekunde 0.155, na majaribio ya awali yalikuwa yameonyesha kuwa usizidi sekunde 0.33 hivi. Turudi kwenye lori letu. Likienda kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kila sekunde. Breki ikichelewa nusu sekunde, lori limeshapita zaidi ya mita 8. Setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 huchelewesha takriban nusu sekunde kwenda na kurudi, na hiyo ndiyo sababu walichagua mkongo.

Juni 2025 Dk. Vipul Patel, akiwa Florida, Marekani, alimfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola, umbali wa zaidi ya kilomita 10,000. Madaktari walikuwa pembeni ya mgonjwa, tayari kuchukua kazi iwapo mawasiliano yangekatika. Basi hata pale ambapo mkono uko bara jingine, mgonjwa hakuachwa peke yake na mashine.

KARIBU YETU

Hapa Tanzania tiba za matundu madogo zipo. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wagonjwa hutibiwa moyo bila kupasuliwa kifua. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja au wa mkono hadi kwenye moyo, huku daktari akiufuata kwa picha za eksirei katika kioo. Katika Afrika Mashariki, taasisi ya IRCAD, aliyoianzisha yule yule Profesa Marescaux huko Strasbourg mwaka 1994, ilizindua kituo chake cha Afrika mjini Kigali, Rwanda, mwaka 2023, mahsusi kwa kuwafundisha madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo. Kigali si mbali. Mwanafunzi wa Iringa atakayesoma vizuri anaweza kufika huko kwa basi.

Tusidanganyane, roboti ya upasuaji ni ghali. Bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola, na vifaa vya ncha vina idadi maalumu ya kutumika kisha hubadilishwa. Inataka umeme usiokatika na mafundi wa kuitunza. Lakini laparoskopi ya kawaida haihitaji roboti. Inahitaji kamera, kioo, hewa, vifaa safi, na zaidi ya vyote mikono iliyofundishwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Iringa na Mbeya. Waya upo. Kinachosubiriwa ni watu.

JIBU LA SWALI

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, kuwa anayejitia kutibu ilhali hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mafaqihi wakaeleza kuwa tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akafuata kanuni za fani yake bila kuvuka mipaka, halipi kwa matokeo yaliyo nje ya uwezo wake. Dhamana hukaa juu ya mtu mwenye akili na hiari. Mashine haina akili ya taklifu, haiswali wala haihesabiwi.

Kwa ufahamu wangu mdogo, mtambo haupunguzi amana bali unaigawa kwa watu wengi zaidi. Aliyeandika programu kwa uzembe ana fungu lake. Fundi aliyesaini kuwa mtambo ni mzima bila kuukagua ana fungu lake. Uongozi ulionunua mtambo na kumkalisha daktari asiyefundishwa una fungu lake. Na daktari aliyekaa mezani ana lake. Kila mmoja ameshika kisu kwa kadiri yake, na Allah (s.w.) ndiye Mjuzi zaidi.

Imamu Al-Ghazali katika Ihya aliitaja tiba na hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia elimu zenye sifa na kuiacha miji bila tabibu Mwislamu. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, wote wamekosa. Mama zetu hapa Ipogolo wangependa kupasuliwa na daktari wa kike, nasi tunaitikia kwa vichwa. Lakini binti zetu tunawaambia hesabu na fizikia ni ngumu, waziache. Huyo daktari wa kike atatoka wapi?

Ama yule mzee wetu, baada ya Idi alikubali kwenda, kwa kubembelezwa na wanawe. Alirudi akacheka mwenyewe. Alipouliza roboti iko wapi, daktari alimwambia hakuna roboti hapo, kuna kamera na mikono yake yeye daktari. Kwa miezi yote ile mzee aliogopa kitu ambacho hata hakikuwepo katika chumba alichokuwa anakikataa. Alilala hospitali siku mbili, na Ijumaa ya pili alikuwa nasi katika safu ya kwanza, ana makovu manne madogo tumboni.

Ndugu mwanafunzi, lile boksi la sabuni na vijiti viwili visikuchoshe. Rudia hadi punje zote tano ziingie katika kifuniko. Huenda Allah (s.w.) akajaalia mkono huo ukaja kuwa sababu ya mtu kupona. Tunamuomba atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa waaminifu katika kila tunachokabidhiwa. Amin.